Isha ya Msafiri Stockholm

Ndugu msomaji, ukijaaliwa kumzuru mwanao Stockholm mwezi wa Juni, utakuta jua huchwa saa nne usiku na kuchomoza yapata saa tisa na nusu, wala giza kamili haliingii. Je, Isha utaiswali lini? Wanavyuoni wetu wa Kishafii husema wakati hukadiriwa kwa mji wa karibu ambao wekundu wa magharibi hutoweka. Msafiri ana ruhusa ya kuikusanya na Magharibi, ila akinuia kukaa siku nne kamili ruhusa humwondokea. Hapo na aulizie nyakati msikitini Medborgarplatsen, jumba lililokuwa kituo cha umeme, likafunguliwa msikiti mwaka 2000. Asiilalie Isha akingoja giza lisilokuja. Wallahu aalam.