Utepe Si Dawa ya Kifundo

Kila msimu wa michezo ya shule uwadiapo, huonekana wanafunzi wakiingia uwanjani na tepe za kunata magotini na vifundoni. Je, tepe hizi zafaa kitu?

Tatizo la kwanza ni jina. Kama mwanaisimu, naona neno moja limebebeshwa vitu viwili visivyofanana. Upo utepe mgumu usiovutika, ambao hukizuia kifundo cha mguu kisipinduke. Huu una manufaa: utafiti umeonyesha kwamba humpunguzia mchezaji aliyewahi kuteguka hatari ya kuteguka tena, ingawa hulegea mchezo ukiendelea. Upo pia utepe wa rangi unaovutika, uliobuniwa na Mjapani Kenzo Kase katika miaka ya 1970, ukavuma baada ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Watafiti walipoulinganisha na utepe uliobandikwa vivi hivi bila kuvutwa, mara nyingi tofauti ilikuwa ndogo mno, au haikuwapo kabisa.

Sikatai kwamba mchezaji anayejiona salama hucheza kwa moyo. Hatari ni pale moyo huo unapomrudisha uwanjani mtoto ambaye kifundo chake kimevimba.

Nawasihi walimu wenzangu tuanze na mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja. Hayagharimu hata senti, na yamethibitika kupunguza kuteguka. Naye anayechechemea apumzishwe, hata kama fainali ni kesho.