Mji Uliokodi Watumishi
Mwaka wa 2010, mji mdogo wa Maywood katika jimbo la California, Marekani, uliwaachisha kazi karibu wafanyakazi wake wote. Kesi zilizotokana na vitendo vya polisi wake zilikuwa zimeukosesha bima. Ulinzi ukakabidhiwa Kaunti ya Los Angeles. Kazi za ofisi, mji jirani wa Bell. Wiki chache baadaye ikafichuka kwamba meneja wa Bell alilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka!

Mimi silaumu kaunti. Mkuu wa polisi wake huchaguliwa na kaunti nzima, Maywood ikiwemo. Lakini Bell je? Walimu wenzangu, mkazi wa Maywood angewaadhibuje madiwani wa Bell, hali kura yake haikufika huko?