Kijana si Karafuu



Katika tafakari yetu ya juma hili tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda wengine wakashangaa kuliona katika ukurasa huu, nalo ni mpira. Hatusemi juu ya matokeo na mabao, ambayo vijana wetu wanayafahamu kuliko sisi. Tunasema juu ya mpira kama mlango, ule mlango ambao mtoto wa sekondari mwenye umri wa miaka 16 au 17 huitwa aupite na mgeni aliyemwona akicheza kwa dakika 90 tu. Msimamo wetu tunautaja mapema: mzazi asimtoe mtoto shuleni kwa ajili ya ahadi ya klabu, wala asimruhusu aende popote mpaka habari ya masomo yake imeandikwa katika karatasi ileile iliyoandikwa habari ya mpira wake.

Sisi tunaoishi Pemba tunao mfano ulio karibu mno. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, maana ikishachanua thamani yake hushuka. Ndiyo sababu mchumaji hana subira. Na kila mkulima wa kisiwa hiki anaelewa pia hatari ya kuuza karafuu zikiwa bado mtini, kwa kuwa anayenunua mapema ndiye anayepanga bei, na anayeuza mapema mara nyingi ni yule aliyebanwa na shida. Wasakaji wa vipaji nao hutaka kuchuma mapema. Lakini kijana si karafuu. Thamani yake haishuki anapochanua. Hapo ndipo inapoanza kuonekana.

Ili tulione jambo hili kwa upana, twende kwanza Marekani, ambako kazi ya kusaka vijana wa michezo imekuwa taasisi nzima, tumfuate huko kijana mmoja mwenye asili ya Afrika Mashariki. Wamarekani wanao mchezo wanaouita futiboli, lakini sio kandanda yetu. Mpira wake una ncha mbili, hubebwa mikononi, na wachezaji huvaa kofia ngumu kwa sababu hugongana kwa nguvu nyingi. Walio katika safu ya mbele ya ulinzi wana kazi ya kupasua ukuta wa wapinzani na kumwangusha mpiga pasi kabla hajautupa mpira. Kwa nafasi hiyo hutafutwa vijana warefu, wazito, na wenye kasi isiyotarajiwa kwa uzito wao. Nao wanaowatafuta hasa ni makocha wa vyuo vikuu, kwa kuwa huko vyuo ndivyo vinavyolea wachezaji. Kocha hutazama mechi za sekondari, humpima kijana urefu, uzito na mbio, kisha huketi sebuleni na wazazi wake na kuwaahidi ufadhili wa masomo.

Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, katika familia iliyotoka Uganda. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki, kiongozi wa Democratic Party, aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962 na baadaye Jaji Mkuu. Mwezi Septemba 1972 askari wa Idi Amin walimkamata mzee huyo katika Mahakama Kuu ya Kampala, naye akauawa. Mjukuu wake alisoma Cathedral High School, shule ya Kikatoliki mjini Indianapolis, kisha akachukuliwa na Boston College, chuo kikuu kilichoanzishwa na Wajesuiti mwaka 1863. Huko akacheza katika safu ya mbele ya ulinzi, akaweka rekodi ya chuo kwa kuwaangusha wapiga pasi mara 37.5, nusu huhesabiwa pale wachezaji wawili wanaposhirikiana. Mwaka 2006 New York Giants wakamchagua katika duru ya kwanza, akiwa mchezaji wa 32.

Hadi hapo habari inapendeza, na ndiyo sehemu ambayo wasakaji wa vipaji hupenda kuisimulia. Tuendelee hadi mwisho. Timu yake ilitwaa ubingwa wa nchi Februari 2008, lakini siku hiyo yeye hakuwamo uwanjani, kwa kuwa alikuwa amevunjika mguu miezi michache kabla. Mwaka 2010 jeraha la shingo likamweka nje karibu msimu wote. Akarudi, akatwaa ubingwa wa pili Februari 2012, na msimu wake wa mwisho ukawa ule wa 2014. Huyu, ndugu zangu, ni yule aliyefanikiwa. Ni yule ambaye mwili wake ulidumu. Kwa hesabu za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, katika kila wachezaji 100 wa mchezo huo vyuoni hawafiki wawili wanaopanda hadi ligi kuu ya kulipwa. Hao wengine wote walipimwa urefu na uzito kama yeye, na wazazi wao waliketi sebuleni na kocha kama wazazi wake.

Tazameni pia jinsi ahadi zenyewe zilivyokuwa. Kuanzia mwaka 1973 ufadhili wa wanamichezo wa vyuo vile ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja, na mwaka ulipokwisha chuo kilikuwa na uhuru wa kutouendeleza. Vyuo viliruhusiwa tena kutoa ufadhili wa miaka mingi mwaka 2012 tu. Kwa miongo mingi vyuo na makocha walipata fedha nyingi kutokana na jasho la vijana hao, ilhali vijana wenyewe walikatazwa kupokea malipo. Mwaka 2021 ndipo waliporuhusiwa kunufaika na majina na sura zao katika matangazo ya biashara, na mwaka 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa moja kwa moja. Haki hiyo haikuletwa na ukarimu wa wenye fedha, bali ilidaiwa mahakamani na wachezaji wenyewe.

Na Mtanzania asidhani kwamba habari hii iko mbali naye. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichukuliwa na Chuo Kikuu cha Connecticut kwa ajili ya mpira wa kikapu, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wa ligi ya NBA. Mwaka uliofuata klabu yake ikampeleka kwa muda katika ligi ya chini. Hatusemi hivyo kumdharau, maana alifika mahali ambapo hakuna kijana wa nchi yetu aliyewahi kufika kabla yake. Tunasema ili ieleweke kwamba hata anayepokewa kwa vigelegele hukaa katika mizani ya wenzake kila siku.

Hata hivyo, pamoja na dhambi zake zote, utaratibu ule wa Marekani una jambo moja ambalo sisi hatunalo. Kijana hapokelewi chuoni mpaka amemaliza sekondari, na akishapokelewa hana ruhusa ya kucheza asipofaulu masomo. Mpira humpitisha darasani, hata kama si kila anayeingia darasani hufundishwa ipasavyo. Kwetu mambo ni kinyume: anayemtaka kijana wetu humtaka klabuni, na shule huonekana kama kikwazo cha mazoezi. Kuanzia viwanja vya mchanga vya Micheweni hadi uwanja wa Gombani, mtoto mwenye miguu mizuri husifiwa, na akiitwa ng'ambo ya bahari kijiji chote hushangilia. Je, ni nani anayeuliza daftari zake zimebaki wapi?

Sheria nazo hazimkingi kama wengi wanavyodhani. FIFA imekataza, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Imeweka pia kwamba mkataba wa aliye chini ya umri huo usizidi miaka mitatu. Lakini Zanzibar si mwanachama wa FIFA kwa jina lake. Uanachama ule ni wa Tanzania. Hata CAF, iliyoipokea Zanzibar mwezi Machi 2017, iliuondoa uanachama huo mwezi Julai mwaka uleule. Kwa hiyo kijana wa miaka 16 anayepanda boti Wete au Mkoani na kushukia Dar es Salaam hajavuka mpaka wowote wa nchi. Lile katazo la kuhamisha watoto halimgusi. Kama hakuna mlango wa sheria wa kumsimamisha, mlinzi wake ni nani basi? Ni baba yake, mama yake, mwalimu wake, na jumuiya inayomzunguka.

Hapa tunajua mzazi atatujibu, na jibu lake lina uzito. Atasema: Baba Paroko, hiyo shule imempa nini kaka yake? Amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani, anangoja msimu wa karafuu. Huyu mdogo ameitwa leo. Nikisema asubiri, kesho wataitwa wengine. Tena atatutajia Mbwana Samatta, aliyetoka Simba kwenda TP Mazembe mwaka 2011, akaenda Genk mwaka 2016, na Januari 2020 akafika Aston Villa ya Uingereza. Mlango upo, atasema, na watu wameupita.

Hatumbishii. Shule haimhakikishii mtu ajira, wala sisi hatuna haki ya kumhubiria subira mwenye sufuria tupu. Tunachosema ni hiki: umaskini wa mzazi ndio hasa unaomfanya mnunuzi awe na haraka. Anajua kwamba aliyebanwa hasomi mkataba. Klabu inayomtaka kijana kweli itamtaka hata akiwa anasoma, maana klabu iliyoko mjini haikosi shule ya sekondari jirani. Inayosema ni leo au basi inakiri yenyewe kwamba haimtaki mtoto, inaitaka miguu yake. Na miguu, kama tulivyoona, huvunjika hata kwa mabingwa.

Maandiko yanatusimulia jinsi nabii Samweli alivyokwenda nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme. Alipomwona Eliabu, mkubwa na mrefu, akadhani kazi yake imekwisha. Akaelezwa kwamba Mungu hapimi kama wanadamu wapimavyo, kwa kimo na sura. Aliyetafutwa alikuwa malishoni, hakuitwa hata mezani. Tunalisoma simulizi hili kwa kumfurahia Daudi, tukamsahau Eliabu. Lakini kosa lile halikuwa la Eliabu. Hakuomba kupimwa kwa urefu wake. Katika kila kijiji chetu wamo akina Eliabu wengi, waliopimwa kwa mabega yao, wakasifiwa, kisha wakaachwa. Hao nao ni watoto wetu, na wanaporudi kisiwani bila cheti na bila klabu, wanahitaji kupokewa pasipo dhihaka.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi, kabla hawajaweka saini, waulize maswali manne. Kwanza, mtoto atasoma shule gani, na ni nani atakayelipa ada? Pili, akiumia, atatibiwa na nani, na kwa muda gani? Tatu, mkataba ni wa miaka mingapi, na akitaka kuondoka atadaiwa nini? Nne, atalala wapi, na ni mtu mzima gani atakayejibu simu yetu usiku? Majibu yaandikwe, yasomwe na mtu anayejua sheria, na nakala ibaki nyumbani. Asiyeweza kumpata mwanasheria aje parokiani, awe Mkristo au Mwislamu, maana hapa kisiwani watoto wanacheza pamoja na wanapotea pamoja. Tutatafuta naye mtu wa kuisoma.

Vilevile tunaviomba vilabu vya mitaa vitunze kumbukumbu za vijana vinaowalea, majina na miaka. Kanuni za FIFA zinaelekeza kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hizo igawiwe vilabu vilivyomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Klabu isiyoandika chochote haina cha kudai.

Nanyi vijana mnaotusoma, chezeni, maana nguvu mlizopewa ni zawadi na si dhambi kuzifurahia. Ila siku mtakapoitwa, msione aibu kumwambia anayewaita kwamba mtazungumza naye mbele ya wazazi wenu, na kwamba kidato cha nne lazima mkimalize.

Tuwaombee wazazi wote walio mbele ya uamuzi huu, wapewe utulivu wa kuuliza na ujasiri wa kukataa panapostahili.

Mungu awabariki nyote.