Viatu vya Anita

Mwezi huu tunawaletea kisa cha kweli cha kuwasimulia watoto baada ya chakula cha usiku, hasa wale ndugu wasioisha kugombana.

Katika mji wa Breslau, uliokuwa Ujerumani na ambao leo uko Poland kwa jina la Wrocław, aliishi wakili mmoja Myahudi na mkewe, mpiga fidla, pamoja na mabinti wao watatu: Marianne, Renate na Anita Lasker. Wanazi walipozidi kuwatesa Wayahudi, Marianne aliwahi kuvuka kwenda Uingereza mwaka 1939. Wengine walibaki. Aprili 1942 baba na mama walichukuliwa, wasionekane tena. Anita alikuwa na miaka 16.

Yeye na Renate waliwekwa kazini katika kiwanda cha karatasi. Wakajaribu kutorokea Ufaransa kwa hati za kughushi, wakakamatwa stesheni. Walihukumiwa, kisha wakatenganishwa.

Desemba 1943 Anita alifikishwa kambi ya Auschwitz. Akanyolewa nywele, akachorwa namba mkononi kwa sindano. Mfungwa aliyempokea alivitamani viatu vyake vyeusi vya ngozi ya nguruwe, vyenye kamba nyekundu. Anita akampa, maana angenyang'anywa tu. Katika maongezi akataja kwamba hupiga selo, ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti. Kumbe bendi ya wafungwa wanawake haikuwa na mpiga selo! Hilo ndilo lililomponya.

Baadaye Renate naye aliletwa kambi hiyo hiyo, wala hakuna aliyejua kuwa ni ndugu. Alipokuwa akipokelewa, akaviona vile viatu miguuni mwa yule mfungwa. Akauliza mwenyewe yuko wapi. Mdogo wake akaitwa mbio.

Sisi tunaozijua ndala za kila mtoto mlangoni hata gizani, hatuna haja ya kuelezwa Renate alijisikiaje.

Hawakuachana tena. Novemba 1944 walihamishiwa Bergen-Belsen, kwenye njaa na homa kali, wakaishi humo hadi askari wa Uingereza walipofika tarehe 15 Aprili 1945. Mwaka 1946 wakaenda Uingereza alikokuwa Marianne. Anita aliendelea na selo yake London kwa miaka mingi. Renate alifariki Januari 2021.

Kwa watoto wadogo, kisa kiishie kwenye viatu, inatosha. Wa miaka kumi na zaidi wanaweza kuambiwa kwamba Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa, watoto zaidi ya milioni moja wakiwemo, na kwamba ndugu wengi waliotenganishwa hawakuonana kamwe. Bila shaka watauliza kama mama yao Anita alirudi. Hapo mama wengi hupenda kulainisha. Tusilainishe. Hakurudi.