Mshono wako hauhitaji bandeji ya bei ghali

Umejifungua kwa upasuaji, umerudi nyumbani Buhemba, na unajiuliza kama bandeji za kisasa zenye dawa zingekulinda zaidi. Hofu yako ina msingi. Utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta wagonjwa 65 kati ya 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa wamepata maambukizi ya kidonda. Hata hivyo, mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kuwa kwa kidonda kilichoshonwa bandeji ya kawaida inatosha. Kwa hiyo usiuze mbuzi kununua ya ghali. Nawa mikono kabla ya kugusa mshono. Usipake majivu wala unga wa vidonge. Ukiona usaha au homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo.