Miale ya gamma si mambo ya Wazungu

Kuna maneno yanayoniudhi sana kati yetu sisi tunaoandika programu hapa Kenya: eti kupima milipuko ya miale ya gamma ni mambo ya Wazungu, sisi tushughulike na programu za mikopo. Upuuzi mtupu!

Chukueni Swift, darubini ya NASA iliyorushwa 20 Novemba 2004. Kwa miaka mingi data yake iliteremka kupitia kituo cha Waitaliano kilichoko Malindi. Naam, Malindi yetu hii hii.

Na tazameni kazi yenyewe. Mlipuko huweza kwisha kwa sekunde chache. Hakuna muda wa kumwamsha mtu. Swift ilipewa vihisio 32,768 chini ya kifuniko cha vigae vya risasi. Miale ikipiga, vigae hutupa kivuli. Kompyuta iliyomo ndani husoma kivuli hicho, hukokotoa mlipuko uko upande gani, kisha huigeuza darubini kwa dakika moja na nusu hivi. Hiyo ni programu, jamani!

Tarehe 9 Oktoba 2022 ukaja GRB 221009A, mkali hadi vihisio vya darubini nyingine, Fermi, vikazidiwa. Ili kujua ukali wake halisi, ilibidi data isahihishwe kwa hesabu. Tena ni programu.

Data hizo ziko wazi mtandaoni, bure. Hazitaki viza wala mjomba wizarani. Anayebisha apakue faili moja kwanza, ndipo tubishane.