Mzio wa Mtoto Usigeuzwe Mwiko wa Mama

Kwa muda mrefu kabla ya kuwapo maabara za kupima kingamwili, Waswahili walikuwa na neno "mzio". Lilikuwa na maana ya chakula ambacho mtu hana budi kukiepuka kwa kuwa kitamdhuru, iwe sababu ni maumbile ya mwili wake, iwe ni masharti ya mganga au desturi ya ukoo. Utabibu wa kisasa ulipohitaji neno la kutaja hali ambayo kinga ya mwili hukishambulia chakula kisicho na sumu kana kwamba ni adui, ulilitwaa neno hilo hilo. Uteuzi huo ulikuwa mzuri, ila maana ya zamani haikuondoka. Mama anayenyonyesha akiambiwa kwamba mtoto wake ana mzio, palepale huanza kukatazwa chakula kimoja baada ya kingine, wala hapana anayeuliza marufuku hiyo imethibitishwa na nini.

Kwamba chakula cha mama huweza kumfikia mtoto kwa njia ya maziwa ni kweli isiyopingika. Protini nyingi husagwa tumboni, lakini kiasi kidogo hupenya kuta za utumbo kikiwa bado na umbo lake, kikaingia katika damu na hatimaye katika maziwa. Protini ya maziwa ya ng'ombe iitwayo beta-laktoglobulini, ambayo mwili wa binadamu hauitengenezi kabisa, imepatikana katika maziwa ya takriban nusu ya akina mama waliopimwa. Kiasi chake kwa kawaida ni nanogramu chache katika kila mililita, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Mwaka 1978 madaktari wawili wa Sweden, Irene Jakobsson na Tor Lindberg, walieleza kwamba baadhi ya watoto wachanga waliokuwa wakilia mno kwa maumivu ya tumbo, yale ambayo wazee wa pwani huyaita chango, walitulia mama zao walipoacha maziwa ya ng'ombe.

Hata hivyo, jambo linalowezekana si lazima liwe la kawaida. Katika mji wa Odense, nchini Denmark, Arne Høst na wenzake waliwafuatilia watoto 1,749 tangu kuzaliwa, na mwaka 1988 walitangaza waliyoyaona. Watoto 39 walipata mzio wa maziwa ya ng'ombe. Kati yao, waliopatwa nao huku wakinyonya maziwa ya mama tu walikuwa 9, yaani karibu nusu ya mtoto mmoja katika kila watoto 100. Kumbukumbu za wodi ya wazazi zilipofunguliwa, ilionekana kwamba wote 9 walikuwa wamenyweshwa maziwa ya kopo katika siku 3 za kwanza za maisha yao. Mama alidhaniwa kuwa chanzo, kumbe kinga ya mtoto ilikuwa imekwisha kukutana na ng'ombe kwa kikombe cha wodini.

Hapo ndipo unapoonekana ubaya wa ushauri mmoja ambao bado husikika: kwamba mtoto mwenye mzio aachishwe ziwa, apewe maziwa ya kopo. Maziwa ya kawaida ya kopo hutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe. Mtoto aliyesumbuliwa na chembe zisizoonekana hupewa kitu kile kile kwa chupa nzima, tena huchanganywa na maji ambayo usafi wake haujulikani. Maziwa ya mbuzi nayo si kimbilio, kwa kuwa protini zake hufanana mno na za ng'ombe, na wengi wanaodhurika na haya hudhurika na yale. (Wako pia wanaomlaumu mama kwa sukari ya maziwa, yaani laktosi. Laktosi hutengenezwa ndani ya titi lenyewe, na haipungui hata mama akijinyima kila kitu.)

Dalili zenyewe hazina budi kutazamwa kwa makini. Ipo mizio ya ghafla, ambayo huja katika dakika chache au saa mbili baada ya chakula: vipele vya kuwasha, uvimbe wa midomo, kutapika, kupumua kwa shida. Ipo na ile ya polepole, ambayo huchukua saa nyingi au siku kadhaa, na ndiyo inayoonekana zaidi kwa wanyonyao: mtoto anaongezeka uzito na anacheza vizuri, ila choo chake kina nyuzi za damu na ute. Katika nchi ambamo kuhara damu kwa maambukizi kungalipo, damu katika choo cha mtoto isiitwe mzio kabla mtoto hajapimwa. Homa, tumbo kuvimba, kutapika nyongo au kulegea ni mambo ya kumkimbiza hospitali, si ya kubadilishia mchuzi. Kulia peke yake ni ushahidi dhaifu, maana watoto wazima wa afya huzidisha kulia mpaka kufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupunguza, hata kama mama hakubadili chochote.

Ukweli huo wa mwisho ndio unaowapatia sifa wakataza vyakula. Mama huacha mayai katika wiki ya sita, mtoto hutulia katika wiki ya nane, na yai hupata hatia ambayo haikustahili. Namna ya kuondoa shaka ni moja na haihitaji mashine. Kiondolewe chakula kimoja tu kinachoshukiwa zaidi, ambacho mara nyingi ni maziwa ya ng'ombe, kwa muda wa wiki 2 hadi 4. Mtoto akipata nafuu, chakula hicho kirudishwe. Dalili zikirejea, mzio umethibitika. Zisiporejea, mama aendelee kula. Akina mama wengi huishia katika hatua ya kwanza, kwa kuwa aliyewaambia waache hakuwaambia lini warudie. Isipokuwa kama mtoto alipatwa na dalili za ghafla na za hatari: huyo asijaribiwe nyumbani, bali mbele ya daktari.

Mama mwenye kunyonyesha huhitaji takriban kilokalori 500 za ziada kila siku, na kalsiamu ya miligramu 1,000. Akiacha chai ya maziwa, mtindi, siagi na mikate iliyokandwa kwa maziwa, pengo hilo lijazwe kwa kusudi: dagaa wanaoliwa na miiba yao, uji wa wimbi, ufuta, mchicha na kisamvu. Tui la nazi halina neno; si maziwa ya mnyama. Lakini akikatazwa maziwa, mayai, samaki na karanga kwa mpigo, naye anaishi mahali ambapo nyama ni ya sikukuu, anakula nini? Zipo jamii ambazo tangu zamani ziliwakataza wanawake mayai. Ingekuwa ajabu kama zahanati, iliyojengwa kuondoa miiko ya namna hiyo, ndiyo ingeirudisha kwa jina la sayansi.

Wala sayansi yenyewe haikosi miiko yake. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba mama wa watoto wenye hatari kubwa ya mzio waache karanga wakati wa kunyonyesha. Mwaka 2008 ushauri huo uliachwa kwa kukosa uthibitisho. Na mwaka 2015 utafiti uliofanywa London kwa watoto 640 ulionyesha kwamba wale walioanza kulishwa karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa uchache zaidi kuliko walionyimwa. Uingereza nako, kati ya mwaka 2006 na 2016, vyeti vya dawa vya maziwa maalumu ya watoto wenye mzio viliongezeka kutoka 105,029 hadi zaidi ya 600,000 kwa mwaka. Ni vigumu kuamini kwamba miili ya watoto wa nchi moja ilibadilika kiasi hicho katika miaka 10. Ni rahisi zaidi kuamini kwamba biashara ya makopo ilipata lugha mpya.

Kinachotakiwa katika kliniki za mama na mtoto ni kidogo. Muuguzi anayemwambia mama aache chakula aandike jina la chakula hicho, siku kilipoachwa, na siku ya kukirudia. Hata mzio uliothibitika hauna maisha marefu kwa watoto wengi: wenye damu katika choo kwa kawaida hupona kabla ya kutimiza mwaka mmoja, hivyo mtoto akikaribia umri huo apelekwe tena kliniki ili maziwa yajaribiwe upya.